Kumbukumbu ya Amina Chifupa: Vita ya 'unga' ni vita ya mtaji wa mnyonge

KILA inapofika Juni 26, dunia huadhimisha siku ya kupiga vita matumizi na biashara haramu ya dawa za kulevya. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Kwa Watanzania tarehe hiyo ina uzito wa pekee, kwani Juni 26, 2007 ndipo alipofariki dunia Amina Chifupa, Mbunge wa Viti Maalumu (CCM), katika Hospitali ya Jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Msomaji anaweza kujiuliza, mtangazaji wa redio aliyekuwa mbunge anaingiaje katika kurasa za kilimo na biashara? Jibu ni kwamba adui aliyemchagua Amina ndiye huyo huyo anayemaliza mitaji ya wafanyabiashara wadogo wa Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala hadi leo.

Vipaji katika mtu mmoja

Amina alizaliwa Mei 20, 1981. Kabla ya kuingia katika siasa alifahamika kama mtangazaji wa Clouds FM, kituo kilichokuwa kikisikilizwa sana na vijana. Wakati ule redio ilikuwa ndiyo rafiki wa fundi cherehani, msusi, dereva wa daladala na muuza chipsi. Sauti ya mtangazaji iliingia hadi uani bila kubisha hodi.

Sisi wachumi wa kilimo tunaijua thamani ya kipaji hicho. Bwana shamba anaweza kuwa na elimu nzuri ya mbegu na mbolea, lakini asipojua kuzungumza na watu, elimu hiyo hubaki katika faili. Amina alijua kuzungumza na watu.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 aliingia bungeni kupitia nafasi za vijana, akiwa na umri wa miaka 24. Huko Dodoma hakukaa kimya akisubiri kuzoea viti. Aliisimamia hoja ya dawa za kulevya na kuwasema wafanyabiashara wakubwa wa dawa hizo, wakati ambapo wengi walizoea kuwalaumu 'mateja' wa vijiweni peke yao. Alikuwa pia mama wa mtoto mdogo, hivyo alipozungumzia watoto wanaoharibika hakuwa anasoma karatasi ya mtu mwingine.

Kifo chake kiliwaliza watu wa vyama vyote. Alizikwa Njombe, wakati huo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Ndiko yanakotoka magunia mengi ya viazi mviringo yanayoshushwa katika masoko ya Dar es Salaam, na ndiko wanakotoka vijana wengi wanaokuja mjini kutafuta maisha. Mkulima wa huko anayemtuma mwanawe mjini naye anahusika na kilio hiki.

Hesabu ya hasara

Tuweke siasa kando, tupige hesabu. Huu ni mfano tu, lakini kila mwenye genge ataitambua sura yake.

Chukulia mama anauza maharage sokoni kwa mtaji wa Sh600,000. Faida anayopata kila siku inaishia kwenye chakula, kodi ya chumba na ada ya watoto, hivyo mtaji haukui wala haupungui. Kijana wake anayemsaidia kuuza ameanza kutumia 'unga', na kila siku anachomoa Sh5,000 kwenye droo. Kwa mwezi ni Sh150,000. Baada ya miezi minne Sh600,000 zote zimekwisha. Majirani watasema biashara imekuwa ngumu, wengine watasema mama amerogwa. Ukweli ni kwamba mtaji umevutwa ukawa moshi.

Kwa mfugaji wa kuku wa nyama hali ni mbaya zaidi. Chakula ndicho sehemu kubwa ya gharama za ufugaji huo. Mfuko mmoja wa chakula ukiuzwa kwa siri usiku, kuku hudumaa, huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa, na kila siku ya ziada bandani ni gharama nyingine. Aliyeuza mfuko amepata fedha kidogo, lakini mfugaji amepoteza faida ya kundi zima.

Hapo hatujahesabu nguvu kazi. Kijana wa miaka 20 ana miaka mingi ya kulima, kubeba na kuuza. Akipotea, familia hupoteza mazao ya miaka yote hiyo.

Nini kimebadilika

Si haki kusema mtu mmoja ndiye aliyeleta mabadiliko yote. Hata hivyo, mengi yamefanyika tangu Amina aondoke. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadone kwa waathirika wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika katika hospitali za Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2015 ilitungwa sheria mpya iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ikichukua nafasi ya tume iliyokuwapo chini ya sheria ya mwaka 1995.

Sheria na hospitali haziwezi kulinda droo ya mama wa maharage. Hapo panahitaji utaratibu wa nyumbani, nao ni huu:

Kwanza, andika mauzo na matumizi kila jioni. Wizi mdogo wa kila siku hauonekani kwa macho, huonekana kwenye daftari.

Pili, usilaze mtaji ndani. Upeleke benki, kwenye Saccos au kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa.

Tatu, ukigundua kijana ameathirika usimfukuze. Ukimfukuza atarudi usiku kwa mlango wa nyuma. Mpeleke kwenye tiba. Methadone hunywewa mbele ya mhudumu, na mwanzoni mgonjwa hutakiwa kliniki kila siku, kwa hiyo mpangie kazi za kufanya baada ya kurudi.

Nne, kijana aliye kwenye tiba mpe kazi isiyoshika fedha kwanza, kama kupakia mizigo, kusafisha banda au kumwagilia mchicha. Imani irudi hatua kwa hatua, kama mkopo unavyolipwa.

Amina alitumia kipaji cha kusema kwa ajili ya watu ambao sauti zao hazifiki Dodoma. Mfanyabiashara mdogo hahitaji kuwa mbunge ili amuenzi. Ajue kilichomo kwenye droo yake, amjue anayemuuzia mwanawe sumu, na asinyamaze kwa woga au kwa sababu muuzaji huyo ni mteja wake mzuri. Biashara inayolindwa na ukimya wa namna hiyo inakula mtaji wake yenyewe.