"Kubuni" na "Kusanifu" katika Kazi ya Uhandisi

Huko Butiama, mkoani Mara, ambako muhogo ni chakula cha nyumba nyingi, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Mhandisi atakaye kumtengenezea mkulima wa huko mashine ya kukatia muhogo hukutana kwanza na swali la lugha: je, kazi yake ni kubuni au ni kusanifu?

Siku hizi maneno haya huchanganywa ovyo, na "ubunifu" hubebeshwa maana zote mbili. Lakini kubuni ni kutoa jambo ambalo halikuwapo. Hata uongo hubuniwa. Kusanifu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kutunga kwa ustadi na mpango: kumwuliza mtumiaji haja yake, kupima, kuchora, kuunda sampuli moja, kuijaribu kwa muhogo wenyewe, kisha kuurudia mchoro na kuusahihisha. (Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, naye aliisahihisha tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1963, akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.) Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo ya Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina jina lililochaguliwa vema.

Likisemwa "ubunifu" tu, kazi huonekana imekwisha siku wazo lilipopatikana. Mkulima huletewa mashine ambayo hakuulizwa habari zake. Na visu vikiziba kwa nyuzi za muhogo, hulaumiwa yeye kwamba hajui kuitumia.