Siku 90 katika kituo cha kurekebisha tabia: Familia itarajie nini?

FAMILIA nyingi humpeleka mraibu katika kituo cha kurekebisha tabia zikiwa zimeishiwa na nguvu. Vyombo vya nyumbani vimeuzwa, karo ya watoto imeishia kwenye chupa na harambee imefanywa ili kulipa ada ya kituo. Si ajabu basi kwamba jamaa hutarajia kurudishiwa mtu mpya baada ya siku 90, mithili ya gari lililotoka gereji.

Matarajio hayo ndiyo chanzo cha masikitiko mengi. Kituo humpa mgonjwa muda, mahali palipo mbali na kilevi, matibabu na mafunzo ya kuishi bila kilevi hicho. Uraibu wenyewe ni maradhi ya muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi husalia kufanywa nyumbani.

Anapopokelewa, mgonjwa huulizwa ametumia nini, kwa kiasi gani, tangu lini na ni saa ngapi alipotumia mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho si la udadisi. Mtu aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka huanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kukosa usingizi kati ya saa 6 na 24 baada ya kuacha ghafla.

Baadhi hupatwa na mishtuko kama ya kifafa katika siku mbili za kwanza. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huweweseka, wakaona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Hali hiyo huweza kuua.

Ndiyo maana desturi ya kumfungia mlevi chumbani "mpaka pombe imtoke" ni ya hatari kubwa, hata ikifanywa kwa nia njema. Katika kituo kinachofaa, daktari au muuguzi humpa dawa za kutuliza kama vile diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku. Aidha, hupewa vitamini B1, ambayo aghalabu huwa imepungua mno mwilini mwa mnywaji wa muda mrefu. Ikikosekana, ubongo unaweza kudhurika.

Kwa watumiaji wa heroini mambo ni tofauti. Arosto, kama mateso hayo yanavyojulikana huko Pwani, huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho. Mifupa huuma, pua hutiririka, tumbo huendesha na mwili hutetemeka kwa baridi hata kwenye joto la Malindi.

Mateso hayo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa juma moja hivi. Ni nadra kumwua mtu mwenye afya, lakini ni katika siku hizo ambapo wengi hushawishika kuruka ua na kurejea maskani. Wanaoacha bangi au miraa hawapitii makali ya namna hiyo, ingawa hasira za mara kwa mara na usingizi wa mang'amung'amu huwasumbua kwa majuma kadhaa.

Mwili ukishatulia, ndipo kazi yenyewe huanza. Maisha ya kituoni hufuata ratiba: kuamka alfajiri, kufagia, kufua, maombi katika vituo vingi, mafunzo, vikao vya kundi na mazungumzo ya faragha na mshauri nasaha. Simu huchukuliwa, mikoba hupekuliwa na wageni aghalabu huzuiwa katika majuma ya mwanzo.

Jambo ambalo wachache huambiwa mapema ni ukiwa wa maisha hayo. Mtu ambaye kwa miaka kumi alijaza kila saa kwa kutafuta kilevi, kukitumia na kukificha hujikuta ana jioni ndefu isiyo na la kufanya. Wengi hupiga simu nyumbani wakilia, wakilalamikia chakula na kudai wamepona. Jamaa anayekimbilia kumtoa siku hiyo huwa amepoteza ada na nafasi kwa pamoja.

Vituo vingi nchini hutumia Hatua 12 zilizotokana na chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa mwaka wa 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Katika vikao, kila mmoja hutaja mambo yanayomwamshia hamu: mshahara wa mwisho wa mwezi, usiku wa matanga, rafiki fulani, au njia inayopita mbele ya baa. Kisha hufunzwa la kufanya hamu inapomjia.

Familia nayo huitwa kikaoni, na hapo ndipo mambo huwa magumu. Mke aliyekuwa akimdanganya mwajiri kwamba mumewe ana malaria, au mama aliyekuwa akilipa madeni ya mwanawe kwa siri, huelezwa kuwa huruma hiyo ilisaidia uraibu kuendelea. Wengine hukasirika wakaondoka, ilhali wao ndio watakaoishi na mgonjwa.

Kabla ya kulipa chochote, familia ina haki ya kuuliza maswali. Je, kituo kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na pombe na dawa za kulevya? Kuna muuguzi usiku? Mgonjwa akipatwa na mshtuko, atapelekwa hospitali gani? Kituo kinachokwepa maswali hayo hakifai kukabidhiwa mtu.

Kumpiga mgonjwa, kumfunga minyororo au kumnyima chakula si tiba. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinapiga marufuku mateso na adhabu za kikatili, wala hakimwachi nje aliye mlevi. Kuhusu gharama, waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize mapema iwapo kituo kina mkataba nayo na ni kiasi gani kitakacholipiwa.

Ifahamike pia kwamba si kila mraibu anahitaji kulazwa. Tangu Desemba 2014, hospitali ya Mathari jijini Nairobi imekuwa ikitoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Malindi na Mombasa. Mgonjwa huja kila siku akanywa kipimo chake mbele ya mhudumu, kisha akaenda kazini. Wapo wanaodai kuwa huko ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine, lakini lawama hiyo haina uzito: wanaoendelea na methadoni hufa kwa uchache kuliko wanaoachwa bila hiyo.

Hatari kubwa kabisa huja siku ambayo familia husherehekea. Baada ya miezi mitatu bila heroini, mwili huwa umepoteza mazoea yake. Anayerudia kwa kipimo kile kile alichokizoea zamani anaweza kusita kupumua na kufa katika dakika chache. Majuma ya kwanza baada ya kutoka ndiyo yenye hatari zaidi, na jamaa wanafaa kujua hilo kabla ya kumchinjia mbuzi.

Kurudia si jambo la nadra. Taasisi ya NIDA ya Marekani hukadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa pumu au shinikizo la damu wanaoacha masharti ya matibabu. Anayerudia hurejeshwa kwa mhudumu upesi, bila kungoja aanguke kabisa.

Kwa hivyo mpango wa kutoka huandikwa mgonjwa angali kituoni: nani atamchukua, atalala wapi, nani atashika pesa kwa miezi ya kwanza, atamwona mshauri lini na atahudhuria vikao vya kundi mahali gani. Familia isiyojua pa kuanzia inaweza kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.