Je, meno mabovu ni urithi wa ukoo?

WATOTO wawili wa baba mmoja na mama mmoja hulelewa nyumba moja hapa Ukunda. Asubuhi wote hunywa chai ya sukari kwa mahamri, na wakitoka shuleni wote hupitia kwa muuza mabuyu na achari. Hata hivyo, mmoja hufikisha miaka 12 bila jino lolote kutoboka, ilhali mwenzake tayari ameng'olewa magego mawili. Wazazi husema, "Huyu amefuata upande wa mamake." Je, usemi huo una ukweli?

Ukweli upo, lakini si wote.

Jino huozaje?

Jino haliliwi na mdudu kama wengi wanavyoamini. Kinywani mna bakteria wasioonekana kwa macho, na wanaojulikana zaidi kwa uharibifu huu ni wale waitwao Streptococcus mutans. Hujishikiza kwenye meno kwa utando unaonata. Ukila kitu chenye sukari, nao hula, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, yaani gamba gumu la nje la jino.

Mate ndiyo mlinzi. Huizimua asidi na kulirudishia jino madini yake. Lakini kazi hiyo huhitaji muda. Anayelamba peremende au kunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima huyanyima mate nafasi, na jino likipoteza madini mengi kuliko linayorudishiwa, hutoboka.

Jeni huingilia wapi?

Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo katika chembechembe za mwili. Huchangia katika mambo kadhaa yahusuyo meno.

Kwanza, enameli hujengwa kwa msaada wa protini kama vile amelojenini na enamelini. Tofauti ndogo katika jeni za protini hizo huenda zikafanya gamba la mtu mmoja liwe dhaifu kuliko la mwingine. Pili, watu hutofautiana kwa wingi wa mate na kwa nguvu zake za kuzimua asidi. Tatu, umbo la meno hurithiwa: magego yenye mifereji mirefu hunasa mabaki ya chakula. Nne, hata ulimi huhisi ladha kwa kufuata jeni, na hilo laweza kuathiri jinsi mtu anavyopenda vitu vitamu.

Wadigo wa zamani walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama. Jeni hazifuati mila hiyo, kwani mtoto hupata takriban nusu kwa mama na nusu kwa baba. Lakini kuna jambo moja la kuvutia: jeni kuu ya amelojenini iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mamake peke yake.

Mapacha wasemaje?

Mnamo 1988, watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwachunguza mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa nyumba tofauti. Wale wa kufanana kabisa walikaribiana mno kwa hali ya meno yao. Mnamo 2019, uchunguzi uliowahusisha watu wapatao nusu milioni, wengi wao wa asili ya Ulaya, ulitaja sehemu 47 za jeni zinazohusiana na kuoza kwa meno. Kila moja mchango wake ni mdogo. Kwa hivyo hakuna jeni moja ya "meno mabovu", ukiondoa maradhi machache adimu ambayo huharibu enameli tangu jino linapoumbika.

Lakini mwaka huo huo wa 2019, utafiti wa mapacha wa miaka sita nchini Australia ulionyesha kuwa mazingira yalikuwa na uzito kuliko jeni. Miongoni mwa yaliyowaponza watoto ni kuishi mahali ambapo maji ya bomba hayakutiwa floraidi.

Funzo kubwa latoka kwa watu wachache waliorithi mwili usioweza kuivunja sukari ya matunda. Wakila sukari huugua, kwa hivyo huiepuka maisha yao yote. Meno yao huoza kwa nadra sana. Kinachoyalinda si enameli ngumu, bali ni kukosa sukari.

Ukoo hurithisha mengi

Familia haipitishi jeni pekee. Hupitisha pia vijiko vya sukari kikombeni, na hata bakteria wenyewe, mama anapomtafunia mtoto chakula au kuonja kwa kijiko kimoja naye. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulipata kuwa karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana meno yaliyooza. Wote hao hawawezi kulaumu ukoo.

Ufanye nini?

Ikiwa meno huoza sana kwenu, usikate tamaa, anza mapema. Mswakie mtoto mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka mitatu, na cha njegere baadaye. Ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti husafisha vyema, lakini usiache floraidi.

Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula, si kila saa.

Chunguza pia gego linaloota nyuma kabisa mtoto akifika miaka sita. Wengi hulidhania la utotoni na kuliacha lioze, kumbe likitoka halioti jingine. Mtaalamu wa meno aweza kuiziba mifereji yake kabla halijatoboka.

Na shavu likivimba pamoja na homa, usingoje wala usinunue dawa dukani. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha wa jino waweza kuenea na kuhatarisha maisha.