Leo Chuo Hiki, Kesho Kile!

Hivi karibuni nilikuwa Endulen, Ngorongoro, kwa dada yangu. Baridi kali, chai ya maziwa mkononi, akanirushia swali: "Mdogo wangu, eti huko Marekani wachezaji wanahama vyuo kama wanavyobadili viatu?"

Alikuwa na sababu. Binti yake yuko kidato cha nne, shule ya bweni, mrefu hasa, na kikapu ndiyo mapenzi yake. Anaota ufadhili wa chuo Marekani. Na Endulen neno "kuhama" halisemwi kwa mchezo. Tangu 2022 kuna familia zilizoondoka hifadhini kwenda Msomera, Handeni. Dada anajua kuaga kulivyo.

Nikamweleza. Enzi za Hasheem Thabeet mambo yalikuwa tofauti. Huyu kijana wa Dar alicheza Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, chuo kimoja, kocha mmoja, halafu akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Wakati ule, ukihama chuo kikubwa kwenda kingine, kwa kawaida unakaa benchi msimu mzima. Ilikuwa kama ndoa: ukitaka kutoka, unafikiria mara mbili.

Mwaka 2018 likaanzishwa daftari la kompyuta la wanaotaka kuhama. 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na kulipwa kwa matangazo. 2024, hama utakavyo, mradi masomo yako sawa. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Ndoa ikageuka uchumba!

Kuna waliofaidika. Mkenya Madina Okot alitoka Zetech akaenda Mississippi State, akacheza msimu wa 2024/25, kisha akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Ameng'ara, nikajikamua nikasema, "Unaona?"

Lakini dada si mtu wa kudanganywa na taa za jukwaani. "Na wasiopata chuo?"

Hapo ndipo penye utamu na uchungu, shosti. Ukishaandikisha jina lako, chuo cha zamani kinaweza kukukatia ufadhili, na wapo wanaobaki bila pa kwenda. Makocha nao siku hizi wanapenda aliyekwisha komaa kuliko mtoto anayetoka sekondari. Tena mwanafunzi mgeni viza yake inambana kufanya kazi, hivyo hela za matangazo wenzake wanazichota, yeye anazitazama.

Kabla hujamruhusu mwanao, uliza: Ufadhili ni wa miaka mingapi, na umeandikwa? Akihama, masomo aliyofaulu yatahesabiwa? Nani atashughulikia karatasi zake za viza?

Binti alikuwa mlangoni anasikiliza. "Mama mdogo, kwa hiyo nisiende?"

Kabla sijajibu, dada akamkatiza: "Nenda. Ila kitakachokuhamisha kiwe akili yako, siyo mtu mwenye kalamu na ahadi. Sasa kasome, hesabu zinakusubiri."

Wewe ungemjibuje?