Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Si ya Kumezwa kwa Mkumbo

Korona ilipoikumba nchi yetu mwaka 2020 na 2021, tuliwaona wananchi wakimeza aspirini kila siku, bila ya kupimwa, ati damu isigande. Hofu yao ilikuwa na msingi. Virusi vile huumiza kuta za mishipa, na damu huweza kuganda miguuni na mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa huchomwa sindano ya heparini chini ya macho ya daktari.

Lakini aspirini ilikwisha kupimwa. Utafiti wa RECOVERY ulioongozwa kutoka Uingereza, uliohusu wagonjwa wapatao 15,000 waliolazwa, ulionyesha mwaka 2021 kwamba haikupunguza vifo. Katika kila wagonjwa 1,000 iliwaepusha 6 na damu kuganda, ikawaongeza wengine 6 waliovuja damu vibaya.

Hapa Singida tuna sababu ya kukumbuka. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilitoka kwa mifugo ikaingia kwa watu, na baadhi yao hutokwa na damu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wasidhani hilo ni la bara peke yake. Dengi, iliyoukumba mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupunguza chembe za kugandisha damu. Abiria huvuka nayo kwa boti, na mbu wa kuieneza wapo. Kwa homa kama hizo, aspirini ni mafuta ya taa juu ya moto. Na siku ya kwanza, homa zote hufanana.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sawa, lakini sharti kwanza tuujue moto wenyewe.

Kwa hiyo tunawaasa wananchi: mwenye homa apimwe kwanza, na aliyeandikiwa dawa hizi na daktari asiziache bila ya kumwuliza. Viongozi wa Serikali nao tunawakumbusha kwamba wafarini haitolewi kwa kukisia. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguzia nguvu, na wagonjwa wa kifua kikuu tunao. Kipimo cha kuganda kwa damu kisikosekane katika hospitali ya wilaya, iwe Mkalama au Micheweni. Bila ya kipimo, dawa na sumu hukaa chupa moja.