Shule ya Wakulima Isiyo na Jengo

Mkulima aweza kuketi darasani siku nzima, akasikiliza hotuba nzuri, akarudi nyumbani na kulima kama alivyolima jana. Kusikia ni jambo moja, na kuweza kutenda ni jambo jingine. Kwa hiyo yafaa kila mtu apewaye kazi ya kufundisha wenzake ayaangalie mafunzo yaliyofanywa Busia.

Mafunzo hayo huitwa shule ya wakulima shambani. Yalianza Indonesia mwaka 1989, kwa wakulima wa mpunga. Mwaka 1999 wilaya za Busia, Bungoma na Kakamega ziliingizwa katika mpango wa majaribio wa mashirika ya FAO na IFAD. Wakulima 20 hadi 30 hukutana mara moja kwa juma, tangu kupanda hata kuvuna, katika shamba lililogawanywa viwanja. Kiwanja kimoja hulimwa kwa desturi, na kingine kwa njia mpya. Hupima mimea, huhesabu wadudu, huchora waliyoyaona, kisha hushauriana. Bwana shamba huuliza maswali kuliko kutoa amri.

Mathayo, kwa mfano, gugu liitwalo kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Hilo hunyonya mizizi ya mahindi kabla halijachomoza juu ya udongo, na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Mkulima akiambiwa tu apande desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, huona anapoteza nafasi. Lakini mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha zikafa bila kupata mahindi ya kunyonya. Aliyehesabu mwenyewe magugu katika viwanja vyote viwili hahitaji kukumbushwa.

Njia hii ina gharama: mwalimu na mwanafunzi hutoa muda wao kila juma kwa msimu mzima. Hata hivyo, hotuba ya siku moja isiyofuatwa na kazi hupoteza zaidi.

Somo hili lawafaa na makarani. Msimamizi wa ofisi mpakani Malaba, amfundishapo karani mpya kukagua hati za mizigo, na ampe hati zenye makosa ayatafute mwenyewe mezani pake, amwulize sababu za kila kosa, kisha amjaribu tena juma lifuatalo. Akiweza peke yake, ndipo ihesabiwe kuwa amefundishwa.