NYUMBA YA ZAWADI YA MTAWALA: NANI MRITHI?

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba ambayo marehemu hakuijenga wala hakuinunua, bali alipewa na mtawala aliyekwisha kuondoka. Mwenye kupewa akifa, wajane, watoto na ndugu hugombania mafungu. Mimi nasema liko swali linalotangulia mafungu: je, nyumba ile ilikuwa ya marehemu kweli?

Nitatoa mifano miwili.

Tarehe 13 Agosti 1704 jemadari wa Kiingereza John Churchill, Duke wa Marlborough, alishinda vita vya Blenheim. Malkia Anne akamtunuku ardhi ya kifalme ya Woodstock, na pale likajengwa kasri. Zawadi hiyo haikuachwa iwe ya mdomo. Bunge liliipitishia sheria. Na kwa kuwa jemadari hakuwa na mwana wa kiume aliye hai, sheria ya 1706 iliruhusu binti arithi. Alipofariki mwaka 1722, binti yake Henrietta alirithi. Kodi ya ardhi ile ni bendera moja ya Kifaransa, inayopelekwa kwa mfalme kila mwaka.

Hata hivyo ugomvi haukukosa. Katika miaka ya 1990 Duke wa 11 aliona mwanawe hafai kuachiwa mali ile, na shauri likafika Mahakama Kuu mjini London. Mwaka 1994 mahakama ilikubali kwamba mali inaweza kuwekwa mikononi mwa wadhamini. Baba alipokufa mwaka 2014, mwana alipata cheo, lakini si madaraka yote juu ya kasri. Angalieni: walibishana nani asimamie. Hakuna aliyeuliza kama babu yao alipewa kihalali, maana hati zilikuwapo.

Sasa twende Uganda. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na watu waliokuja kuitwa mafuta mingi. Amin aliangushwa mwaka 1979. Kisha ikaja Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982, iliyofuta mauzo, uhamisho na zawadi zote zilizofanyika juu ya mali zile, na kuwapa wenyewe wa kwanza njia ya kuomba warudishiwe.

Fikirini basi mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo. Baba amekufa, mtoto anashika wasia mkononi na kudai sehemu yake. Hakumfukuza mtu, hakuiba. Lakini mrithi hapati zaidi ya alichokuwa nacho marehemu, na marehemu hakuweza kupewa na Amin kitu ambacho Amin hakuwa nacho. Ndugu wanaweza kugawana vyumba mpaka usiku wa manane. Mwenye hati akibisha hodi, mgawo wote umekwisha. Dhuluma ya mtawala huwaangukia yatima wa aliyepokea, na kabla yao ilimwangukia aliyenyang'anywa.

Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba za namna hii wasingoje msiba. Mzee angali hai, ulizeni: hati iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Alipewa nyumba iwe yake, au alipewa akae tu maisha yake? Zawadi ilikuja na masharti gani? Na kabla ya mtawala kuitoa, ilikuwa ya nani? Mkijibu hayo, ndipo muende kwa kadhi au hakimu kutafuta mafungu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtawala huondoka na kauli yake. Kinachobaki kumtetea mjane ni karatasi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.